Wakaazi wa kudumu katika kazi ya askari jela (Marekani)

Ni suala la sheria ya ajira nchini Marekani: je, mkaazi wa kudumu asiye raia anaweza kulinda wafungwa? Mwaka 1982, katika kesi ya Cabell dhidi ya Chavez-Salido iliyohusu kazi ya karibu na hiyo, ya maofisa wa uangalizi wa wahalifu, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 kwa 4 kwamba California ina haki ya kudai uraia, kwani kazi hiyo hubeba mabavu ya dola. Uamuzi uliliruhusu sharti hilo; haukulilazimisha, jambo ambalo mara nyingi husahaulika. California yenyewe ililifuta kwa sheria SB 960 ya 2022. Tangu Januari 1, 2023, mwombaji hudaiwa kibali halali cha kufanya kazi nchini. Uchunguzi wa mwenendo wake umebaki vilevile.