Shule ya Vibanda vya Lami

Kuna majengo yanayotunzwa kwa sababu ya uzuri wake. Hili la Farmville, Virginia, nchini Marekani, linatunzwa kwa sababu ya udogo wake.

Shule ya Sekondari ya Robert Russa Moton ilijengwa mwaka 1939 kwa ajili ya wanafunzi Weusi wa kaunti ya Prince Edward. Ilikusudiwa wanafunzi 180. Kufikia 1951 walikuwa zaidi ya 450. Hebu piga hesabu mwenyewe! Hakukuwa na bwalo wala ukumbi wa mazoezi. Kaunti ikaongeza vibanda vya mbao vilivyofunikwa karatasi ya lami. Mvua ikinyesha, vinavuja. Ukikaa karibu na jiko unaungua, ukikaa mbali unatetemeka.

Wazazi waliomba shule mpya miaka kadhaa, wakapigwa danadana. Tarehe 23 Aprili 1951, binti wa miaka 16, Barbara Johns, akaona basi, imetosha. Mkuu wa shule aliondolewa kwa simu ya uongo, wanafunzi wakaitwa ukumbini, na binti yule akapanda jukwaani akawataka wagome. Wakagoma wiki mbili.

Mwanzoni walitaka jengo zuri tu. Mawakili wa NAACP, Oliver Hill na Spottswood Robinson, wakawapa sharti: tutawatetea, ila mdai ubaguzi wenyewe uondoke. Kesi yao ikawa moja kati ya tano zilizounganishwa katika Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, na mwaka 1954 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kutenga watoto shuleni kwa rangi kunavunja katiba.

Wengi tukisimulia tunaishia hapo, kumbe utamu na uchungu viko mbele. Kesi ikiwa bado mahakamani, kaunti ikapata pesa: shule mpya ya Weusi ikafunguliwa 1953. Halafu 1959, ilipoamriwa kuchanganya watoto, ikafunga shule zake zote za umma, hiyo mpya ikiwemo. Watoto wa Kizungu wakaanzishiwa shule binafsi. Za umma zikabaki na kufuli hadi 1964. Wapo watoto Weusi waliopelekwa kwa ndugu wa mbali. Wapo ambao hawakurudi darasani tena.

Ndiyo maana sharti la wale mawakili lilikuwa na akili. Jengo unaweza kupewa leo, kesho ukafungiwa mlango. Lile dogo la 1939 sasa ni makumbusho, na mlango wake uko wazi.