Mkono Unaovuma: Kwa Nini Kufunga Ateri Hakukutosha

Weka kidole chini ya kidole gumba, pale kwenye kifundo cha mkono. Unasikia mapigo, sivyo? Sasa fikiria mkono mzima unatetemeka chini ya ngozi kama simu iliyozimwa mlio. Ndivyo inavyokuwa pale ateri inapomwaga damu moja kwa moja kwenye vena, bila kupitia kapilari. Vidole vinakosa damu ya kutosha, vidonda havifungi, na moyo unabeba kazi ya ziada.

Mwaka 1757, William Hunter wa London alieleza wagonjwa waliotolewa damu kwenye kiwiko, kisu kikapitiliza vena na kutoboa ateri. Ukibana lile tundu, mtetemo unakoma. Lakini hilo ni tundu moja. Mtu anayezaliwa na hitilafu hii ana kiota kizima cha vijishipa vilivyosokotana.

Madaktari wa upasuaji wakajaribu njia iliyoonekana ya akili: funga ateri inayolisha kiota. Tatizo? Mishipa ya jirani ilitanuka, ikachukua zamu, na ugonjwa ukarudi. Wengine waliishia kukatwa mkono.

Kumbe suluhisho lilianzia mkononi pia. Mwaka 1929, huko Eberswalde, Ujerumani, Werner Forssmann alijipitisha mrija mwembamba kwenye vena ya mkono wake mwenyewe hadi moyoni, kisha akatembea kwenda kupigwa eksirei! Mwaka 1953, Sven-Ivar Seldinger wa Sweden akarahisisha mambo: sindano, waya, halafu katheta inateleza juu ya waya. Mwaka 1960, Luessenhop na Spence wa Marekani wakatuma vishanga kupitia ateri kuziba hitilafu ya ubongoni.

Leo katheta hufika hadi kwenye kiota cha mkono. Daktari humwaga gundi maalumu au alkoholi kali, ambayo huua utando wa ndani wa mshipa usiweze kufufuka. Si mchezo, lakini: ikivuja pembeni, inaunguza ngozi na neva, na mkononi vyote vimebanana. Ndiyo maana kazi hufanywa kidogo kidogo, kwa awamu.

Na yule aliyefungwa ateri zamani? Katheta yake inakuta barabara imezibwa. Kwa hiyo ukimsindikiza ndugu mwenye mkono kama huu, muulizeni daktari swali moja: tunaziba njia, au tunaziba kiota?