Susu Hakutaka Nyumba ya Udongo

Nilipomwambia susu kwamba nimekuja Kithimani kujifunza kujenga nyumba ya udongo na majani makavu, alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akanyamaza, akanitazama vizuri. "Yaani umesoma mpaka chuo kikuu," akasema, "ndiyo urudi uingie kwenye nyumba ambayo mimi niliitoka kwa jasho?"

Sikuwa na jibu. Kwenye simu nilikuwa na video kama arobaini za vijana wa nchi za mbali wakikanyaga tope huku wamevaa kofia nzuri. Nilikuwa pia nimepiga hesabu ya nyumba ya mawe ya vyumba viwili, nikalinganisha na mshahara wangu wa Nairobi, nikaona ningehamia humo nikiwa na mvi. Shamba lipo, udongo uko chini ya miguu yangu. Mbona nisianze?

Sasa nitasema ukweli: nilienda nikidhani narudi kwa mababu. Ilinichukua miezi kadhaa, na maneno makali ya susu, kuelewa kwamba mababu hawakuwa hapo nilipokuwa nikiwatafuta.

Kithimani iko kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, kabla hujafika Matuu. Ni Yatta hii, nchi ya jua. Kwa Kikamba kithima ni kisima au chemchemi, na ukitaka kuelewa nyumba za huku, lishike neno hilo. Nilikuja nikifikiria kuta. Watu wa huku wamekuwa wakifikiria maji.

Tuanze na nyumba ya zamani yenyewe. C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kuhusu Wakamba mwaka 1910. Msweden Gerhard Lindblom alifika Ukambani wakati huo huo, na utafiti wake ukaanza kutoka Uppsala mwaka 1916. Nyumba waliyoikuta ni ya msonge: miti myembamba inachomekwa ardhini kwa duara, inapindwa na kukutana juu, inafungwa kwa kamba za magome, kisha inaezekwa nyasi kutoka kileleni mpaka chini kabisa. Ukiiona kwa mbali ungedhani ni rundo la nyasi lililopata mlango. Moto uliwaka ndani, na moshi ukapenya kwenye nyasi, ukafukuza wadudu na kuzifanya zidumu.

Umeona kitu kinachokosekana hapo? Ukuta wa udongo. Ile picha tuliyo nayo sote kichwani, ya nyumba ya ushago yenye kuta za tope, pembe nne na dirisha dogo la mbao, tunayoiita "ya asili", Ukambani ni mgeni wa juzi. Pwani watu walikuwa wakikandika udongo juu ya fito karne nyingi kabla ya hapo. Bara, nyumba ya pembe nne ilipanda pamoja na wafanyabiashara, wamisheni na vituo vya serikali. Kuwa na pembe kulikuwa maendeleo. Kijana aliyerudi kutoka kazini akajenga nyumba yenye pembe alikuwa anawaambia majirani jambo fulani, kama vile leo mtu anavyopaka geti lake rangi ya dhahabu.

Serikali nayo ilikuwa na sababu zake za kuitazama nyumba. Mwaka 1901 ilianzisha kodi ya kibanda. Ilianza chini kidogo, kisha ikapanda hadi rupia 3 kwa kila kibanda. Fikiria boma la mume mwenye wake watatu, kila mke na nyumba yake kama desturi ilivyotaka. Mkusanya kodi hakuuliza wanakula nini, alihesabu mapaa. Sehemu nyingi za nchi watu wakajibu kama ambavyo mimi na wewe tungejibu: wakabanana. Waliokuwa na vibanda vitatu wakalala viwili. Na rupia hazioti shambani, kwa hiyo wanaume wakaenda kuzitafuta kwenye mashamba ya wazungu, relini na mjini. Nyumba ya nyasi ikawa deni lenye mlango.

Halafu kuna papasi. Wengi wetu tuliokulia Donholm na Umoja hatumjui mdudu huyu. Ni jamii ya kupe, anaishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, anatoka usiku kunyonya damu na anaweza kukuachia homa inayopoa na kurudi, kupoa na kurudi. Kwa hiyo maofisa wa afya wa kikoloni waliposema nyumba ya udongo ni hatari, hawakuwa wakidanganya kabisa. Walichoacha kusema ni kwamba ufa ndio tatizo, na ufa unazibika. Shule ikafundisha kwamba udongo ni uchafu. Vizazi vitatu baadaye bado tunalikariri somo hilo.

Nyasi zenyewe zilikuwa zinaisha. Kufikia miaka ya 1930 milima ya Machakos ilikuwa imechunwa ngozi na mmomonyoko wa udongo. Watu na ng'ombe walikuwa wamebanwa kwenye hifadhi ya Wakamba, na ardhi iliyowazunguka ilikuwa ya walowezi au ya Taji. Jibu la serikali likawa kupunguza ng'ombe kwa lazima. Mwaka 1938 Wakamba kwa maelfu walitembea hadi Nairobi kumwona gavana, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Serikali ikalegeza uzi kuhusu ng'ombe, lakini Mbingu ikamkamata na kumpeleka kizuizini Lamu. Kisa hicho husimuliwa kama kisa cha ng'ombe, na ni sawa. Lakini nyasi anazokula ng'ombe ni ndugu wa nyasi zinazoezeka nyumba. Malisho yakiisha, paa nalo linakwenda.

Susu alizaliwa baada ya hayo. Anachokumbuka yeye ni kubeba. "Nyasi zilikuwa mbali," aliniambia. "Tunatoka alfajiri, tunakata, tunabeba kwa mgongo, kamba iko hapa." Akagusa paji la uso, na kweli kuna alama, kama bonde jembamba. Paa la nyasi linataka kurekebishwa kila baada ya miaka michache, na kila mara shingo iliyobeba ilikuwa ya mwanamke. Kwenye zile video zangu arobaini, hakuna aliyebeba kitu kwa paji la uso.

Kilichobadilisha maisha yake ni mabati. Baada ya uhuru, wanawake katika sehemu nyingi za Kenya waliunda vikundi vya kuchanga: kila mmoja anatoa kidogo, zamu yako ikifika unanunuliwa mabati. Mkoa wa Kati ndiko vikundi hivi vilikovuma zaidi, lakini Ukambani hawakuwa na haja ya kufundishwa kuungana. Walikuwa na mwethya, kazi ya pamoja ya majirani, ambayo kwayo walichimba makinga maji na kujenga shule. Zamu ya susu ilifika miaka ya sabini. Anakumbuka sauti ya mvua ya kwanza kwenye paa lake kuliko anavyokumbuka harusi yake, na harusi yake anaikumbuka sana.

Nikamuuliza: ni kwa sababu mabati yalikuwa ya kisasa? Akaniona mjinga. "Maji," akasema.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikapiga hesabu. Chukua paa dogo la mita 30 za mraba. Ikinyesha milimita 10 tu, zimeanguka lita 300. Toa zile zinazoruka na kuvuja, bado unabaki na mitungi 12 hivi ya lita 20. Mitungi 12 ambayo hakuna mtu amekwenda mtoni kuibeba! Paa la nyasi hunywa sehemu ya maji hayo, na yanayobaki huyatoa rangi ya chai. Ndiyo sababu sensa ya 2019 ilikuta takriban nyumba 8 kati ya 10 nchini zimeezekwa mabati. Mtu wa Nairobi anaweza kusema watu wameacha utamaduni wao. Mtu wa Yatta amepata bomba.

Ajabu ni kwamba Yatta ina mfereji. Unatoka mto Thika na kupita nchi hii kavu, na nyanya na mboga nyingi unazonunua ukipita barabarani zinautegemea. Ulichimbwa miaka ya 1950 kwa nguvu ya wafungwa wa Mau Mau. Kipindi hicho hicho wafungwa walikuwa wakitumikishwa Mwea kuandaa mashamba ya mpunga. Mambo haya mawili yanakutana kwenye ukuta wangu, nitafika hapo.

Baada ya mabati ikaja saruji. Kiwanda cha Athi River kiko kaunti hii hii ya Machakos. Kanuni za ujenzi za 1968 ziliwekwa kwa mfano wa Uingereza, na mjini zikaufanya udongo uwe karibu na kosa la jinai. Ziliporekebishwa mwaka 1995 zikaanza kutazama kama nyumba ni imara na salama badala ya kutaja tu vifaa, lakini kufikia hapo akili zetu zilikuwa zimeshatungiwa sheria. Sikiliza tunavyoongea. Nyumba ya mawe ni "pamanenti". Ya udongo ni "temporari". Ya udongo iliyopakwa saruji nje ni "semi". Hata mtu ambaye hajui Kiingereza anayajua maneno hayo matatu, na anajua yeye yuko la ngapi.

Vijijini pia kuna matofali ya kuchoma, ambayo ni udongo uliopewa heshima kwa moto. Yanapendeza, lakini tanuri moja linakula miti, na Ukambani mti mzima ni mali. Saruji nayo inachangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani. Naijua hoja hiyo, nimeitumia kwenye mijadala mingi ya Twitter. Kwa susu haikufua dafu.

Basi nikaanza kujenga, na nikaharibu. Nilichukua udongo wa karibu, ule mweusi, kwa sababu unashika vizuri mkononi. Udongo mweusi ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa. Ukuta wangu wa kwanza, mfupi kama meza, ulipasuka ndani ya wiki moja, nyufa za kuingia kidole. Papasi angeita ukoo mzima.

Fundi jirani ndiye aliyenionyesha chupa. Unajaza udongo hadi theluthi moja, unaongeza maji na chumvi kidogo, unatikisa, unaiweka kwenye dirisha. Mchanga unashuka kwanza, karibu papo hapo. Tope laini linafuata. Mfinyanzi unachelewa, unaweza kukaa siku nzima ndipo utulie juu. Kwa tabaka hizo unajua unachokosa. Ukuta unataka mchanga mwingi kuliko nilivyodhani; mfinyanzi ni gundi tu, na gundi ikizidi inapasuka. Tukahamia udongo mwekundu, tukaongeza mchanga wa mtoni.

Majani makavu kazi yake ni kushikilia. Tope likianza kusinyaa, nyuzi zinaligawa lile pasuko kubwa kuwa mapasuko madogo yasiyoonekana. Huku Yatta hatuna ngano, na mabua ya mahindi ni ya ng'ombe. Ukiyagusa utagombana na kijiji. Tukaagiza marobota ya majani ya mpunga kutoka Mwea. Majani ya mpunga ni magumu, yamejaa madini kama ya mchanga, na hayaozi haraka. Kujenga kwa marobota yenyewe, kuyapanga kama matofali na kuyapaka udongo, kulianzia Nebraska huko Marekani mwishoni mwa karne ya 19, mahali pa mchanga mtupu pasipo miti, baada ya mashine za kufunga nyasi kufika. Walowezi wale hawakuwa wakifuata asili. Walikosa mbao.

Mimi niliyakatakata tu, nikayachanganya kwenye tope. Siku ya pili susu alitoka na kiti chake, akakaa kwenye kivuli, akatazama. Alivumilia nusu saa. Kisha akaja, akachota tope langu, akalibana, akalitupa chini. "Hili halijalala." Kumbe tope linalowekwa usiku kucha na samadi ya ng'ombe, asubuhi linavutika kama unga wa chapati. Hakuna video iliyoniambia hivyo. Alipaka kipande kimoja kwa kiganja, kwa mwendo wa nusu duara, na kipande hicho mpaka leo hakina ufa hata mmoja. Changu cha pembeni kina viwili.

"Ulisema hutaki nyumba hii," nikamkumbusha.

"Sitaki kuilala. Kwani nimesema sijui kuijenga?"

Msingi ni wa mawe, umeinuka juu ya ardhi, kwa sababu mchwa na maji ya mvua havina urafiki na udongo. Paa ni mabati na limetokeza mbali nje ya ukuta. Niliwahi kuchora paa la nyasi, nikafuta mchoro huo mwenyewe. Kaka yangu alikuja wikendi moja kutoka Syokimau, akazunguka mara mbili, akauliza kama nitapaka saruji nje ili wageni wasijue. Bado tunabishana kwenye grupu ya familia.

Susu hakuingia kwenye ubishi huo. Jioni ya kupandisha mabati alisimama uani, mikono nyuma, akitazama mwinamo wa paa na kisha tangi kuukuu lililo kando ya jiko lake. Aliuliza swali moja tu: gata itakaa upande gani?