Sindano, Mfarishi na Nywele: Wanawake Weusi wa Marekani katika Sanaa ya Nyuzi

Dhana ya ubaguzi wa kila siku ilipata nguvu katika taaluma baada ya mwaka 1984, Philomena Essed, mtafiti wa Uholanzi mwenye asili ya Suriname, alipochapisha kitabu kilichotokana na mahojiano na wanawake weusi wa Uholanzi na wa California. Alichochunguza hakikuwa sheria za kutenganisha watu, bali yale yanayojirudia dukani, kazini na shuleni, ambayo yakitazamwa moja moja huonekana madogo mno kulalamikiwa. Nchini Marekani, sehemu kubwa ya uzoefu huo ilihifadhiwa na sindano, hasa katika mfarishi, yaani tandiko la matabaka mawili ya kitambaa yenye pamba katikati, yaliyoshonwa pamoja.

Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, alibandika juu ya mifarishi yake vipande vya nguo vilivyokatwa kwa maumbo ya watu, wanyama na nyota, akisimulia visa vya Biblia. Mwaka 1891, kwa sababu ya dhiki, alimuuzia mwalimu mzungu mfarishi mmojawapo kwa dola 5, ingawa alikuwa ametaka 10. Maelezo yake kuhusu kazi hiyo yametufikia kwa sehemu kubwa kupitia maandishi ya mnunuzi, jambo ambalo linastahili kukumbukwa kila mfarishi huo unaposifiwa.

Huko Gee's Bend, Alabama, huduma ya kivuko ilisitishwa mwaka 1962, wakati watu weusi walipokuwa wakivuka mto kwenda kujiandikisha kupiga kura, nayo haikurejea hadi mwaka 2006. Ushirika wa washonaji ulioanzishwa katika eneo hilo mwaka 1966 uliwapatia wanawake kipato, lakini makumbusho makubwa ya sanaa yalichukua miongo kadhaa kabla ya kuitundika ukutani mifarishi iliyotengenezwa kwa nguo chakavu za kazi.

Aliyeligeuza tandiko hilo kuwa ukurasa ni Faith Ringgold (1930–2024) wa Harlem, mtoto wa fundi na mbunifu wa mavazi Willi Posey. Chuo alichojiunga nacho hakikuwaruhusu wanawake kusomea shahada ya sanaa yenyewe, kwa hiyo alisomea ualimu wa sanaa. Baadaye, alipoandika habari za maisha yake, hakupata mchapishaji. Nguo ilimtatulia matatizo mawili kwa pamoja, kwa kuwa ilikunjwa na kusafirishwa bila gharama ya fremu nzito, na maandishi yaliyokuwa juu yake yalisomwa popote kazi ilipoonyeshwa, bila idhini ya mhariri yeyote. Mwaka 1983 alimchukua Aunt Jemima, sura ya mtumishi mweusi mnene mwenye tabasamu iliyotumika kuuzia unga wa chapati za maji, akamfanya mwanamke wa biashara mwenye ukoo na mali. Katika “Tar Beach” ya mwaka 1988, msichana Cassie anaruka angani juu ya New York, huku maandishi yakieleza kwamba baba yake, fundi wa ujenzi, amenyimwa uanachama wa chama cha wafanyakazi kwa sababu ya rangi. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea jina la kanga, hatashangazwa na nguo inayosema. Ila Ringgold hakusema kwa fumbo, aliandika kisa kizima.

Sonya Clark, aliyezaliwa Washington mwaka 1967, alikwenda mbali zaidi kwa kuzichukulia nywele zenyewe kuwa nyuzi. Katika kazi yake ya mwaka 2010, mistari na nyota za bendera ya Marekani zimetokezwa kwa uzi mweusi uliosukwa na kufungwa vifundo kama nywele, juu ya bendera ya majimbo yaliyopigania utumwa. Miaka minne baadaye aliwaalika wasusi wasuke kichwa chake, kisha wasuke pia kwa uzi kwenye turubai, na majina yao yakawekwa kwenye kazi hizo. Ulikuwa uamuzi wenye uzito, kwa maana mitindo hiyo hiyo iliwagharimu wanawake weusi ajira, na California, jimbo la kwanza kupiga marufuku ubaguzi wa aina hiyo kazini na shuleni, lilipitisha sheria yake mwaka 2019.