Jinsi Bunge Linavyosimamia Fedha za Misaada ya Maafa: Mfano wa Hanang

Desemba 3, 2023 sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imelowa kwa mvua kubwa ilimeguka na kuporomosha tope, mawe na magogo hadi katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwemo Gendabi. Watu 89 walipoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa COP28, alikatisha ziara yake na kufika Hanang Desemba 7. Serikali ilibeba gharama za mazishi na matibabu, waliopoteza makazi walihifadhiwa kwa muda katika majengo ya shule, na Desemba 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikabidhi nyumba 109 zilizojengwa eneo la Waret, Kijiji cha Gidagamowd.

Kati ya tarehe hizo mbili zilipita fedha, mahindi, mablanketi, saruji na mabati kutoka mikono mingi: Hazina, taasisi za umma, Chama cha Msalaba Mwekundu, kampuni, madhehebu ya dini na watu binafsi waliotuma walichojaliwa. Kwa wakazi wa kata kama Gitting, ambao wanaishi na kulima kwenye miinuko ya mlima uleule, swali la namna misaada hiyo inavyosimamiwa haliishi na tukio la mwaka 2023. Mvua hurudi kila msimu. Ikitokea siku yao, watategemea idara ileile, sheria ileile na Bunge lilelile.

Chombo kinachobeba dhamana hiyo ni Idara ya Menejimenti ya Maafa iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Msingi wake wa kisheria umebadilika mara mbili katika kipindi cha kizazi kimoja. Sheria ya mwaka 1990 ilijikita katika uratibu wa misaada baada ya maafa kutokea. Ile ya mwaka 2015 ilipanua wigo hadi kuzuia na kujiandaa. Na Sheria ya Menejimenti ya Maafa Namba 6 ya mwaka 2022, inayotumika sasa, imeweka kamati kuanzia ngazi ya Taifa hadi kijiji na mtaa, pamoja na mfuko wa Taifa wa shughuli hizo. Mabadiliko ya jina kutoka “misaada” kwenda “menejimenti” yana maana kubwa kuliko yanavyosikika. Idara iliyoundwa kugawa vitu huulizwa imegawa nini, ilhali idara inayosimamia hatari huulizwa pia ilifanya nini kabla ya tope kushuka.

Mamlaka ya kuuliza yametajwa na Katiba yenyewe. Ibara ya 63 inalipa Bunge jukumu la kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na inataja njia zake: maswali kwa mawaziri, mjadala wa utekelezaji wa kila wizara katika mkutano wa bajeti, mipango, sheria na mikataba. Kwa Idara ya Maafa, njia ya kwanza inapita katika Fungu 37, ambalo ni fungu la Ofisi ya Waziri Mkuu. Kila Aprili, makadirio ya fungu hilo hufikishwa bungeni Dodoma baada ya kupitiwa na kamati ya kisekta, ambayo pia hupewa nafasi ya kukagua miradi mahali ilipo. Baadaye Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi. Hapo ndipo mbunge asiyeridhika na maelezo husimama “kushika shilingi”, yaani kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara wa Waziri. Wanaofuatilia matangazo ya Bunge nyumbani huuchukulia utaratibu huo kama tamthilia, na mara nyingi shilingi hurudishwa kabla ya jioni. Hata hivyo, kinachobaki katika Taarifa Rasmi za Bunge ni ahadi ya Waziri iliyotamkwa mbele ya wote, na ahadi hiyo inaweza kuulizwa tena mwaka unaofuata.

Maafa, lakini, hayasubiri Aprili. Kwa sababu hiyo Katiba, katika Ibara ya 140, inaruhusu kuwapo kwa mfuko wa matumizi ya dharura kwa mahitaji ya haraka ambayo hayakutarajiwa, kwa sharti kwamba matumizi hayo yafikishwe bungeni baadaye ili yaidhinishwe. Kwa maneno mengine, katika maafa fedha hutoka kwanza na maswali hufuata. Mpangilio huo hauna kasoro. Hakuna anayetaka majeruhi asubiri kikao. Ila unahamisha uzito wote wa usimamizi kutoka kwenye idhini kwenda kwenye ukaguzi.

Ukaguzi ni kazi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, aliyewekwa na Ibara ya 143. Hukabidhi ripoti zake kwa Rais kufikia mwisho wa Machi, na Katiba inataka ziwasilishwe katika mkutano wa Bunge unaofuata kabla ya kupita siku saba tangu uanze. Zikishawekwa mezani huwa mali ya umma. Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, huwaita Maafisa Masuuli wa wizara na idara; Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, huwaita wakurugenzi wa halmashauri. Kwa utaratibu wa Kanuni za Bunge, wenyeviti wa kamati hizo mbili hutoka miongoni mwa wabunge wa upinzani, ili anayeongoza mahojiano asiwe wa upande unaohojiwa.

Mgawanyo huo una athari kwa mkazi wa Hanang. Fedha zilizopita Ofisi ya Waziri Mkuu huangukia PAC. Zilizotumiwa na Halmashauri ya Wilaya ya Hanang huangukia LAAC. Mchango uliokabidhiwa na shirika moja kwa moja kwa familia, bila kupita katika akaunti au bohari ya Serikali, haufiki kwa kamati yoyote kati ya hizo, hata kama mtoaji ana wakaguzi wake. Familia moja iliyopokea godoro, gunia la mahindi na kiwanja inaweza kuwa imehudumiwa na mikono mitatu inayokaguliwa na watu watatu tofauti, na hakuna kati yao anayeiona familia hiyo yote.

Muda nao ni jambo la kuzingatia. Fedha zilizotumika Desemba 2023 ni za mwaka wa fedha 2023/24, uliofungwa Juni 30, 2024. Ripoti ya ukaguzi ya mwaka huo ilikuwa ya kukabidhiwa Machi 2025 na kuwekwa mezani Aprili. Bunge la 12 lilihitimisha shughuli zake mwaka huohuo kabla ya Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29. Swali la kamati kuhusu blanketi lililogawiwa Katesh siku ya tatu baada ya maporomoko linaweza basi kuulizwa mwaka mmja na nusu au miwili baadaye, pengine na wajumbe wapya, kwa Afisa Masuuli ambaye huenda hakuwa na wadhifa huo wakati blanketi lilipotolewa.

Je, watauliza kwa kutumia nini? Kwa karatasi. Hati ya mapokezi, leja ya bohari, stakabadhi, na zaidi ya yote orodha ya walioathirika. Mkaguzi hawezi kukumbuka kwa niaba ya mtu aliyesahau kuandika. Iwapo mahindi yalishushwa usiku, yakagawiwa alfajiri na hakuna aliyesaini, hesabu hiyo imeharibika hata kama kila punje ilimfikia mwenye njaa. Na iwapo kuna aliyeiba, uharibifu huohuo ndio utakaomficha. Mtendaji wa kijiji anayeandika majina kwa kalamu ya mkononi huku mvua ikiendelea kunyesha anaandika ushahidi wa Bunge bila kujua. Jina asiloliandika, kwa mfano la mpangaji, la mjane anayeishi katika nyumba iliyosajiliwa kwa jina la shemeji, au la mfugaji aliyekuwa malishoni, halitaonekana Dodoma. Kamati itathibitisha kwamba waliomo katika orodha walipata stahili zao, na itakuwa sahihi kabisa.

Tetemeko la ardhi la Kagera la Septemba 10, 2016 lilionyesha upande mwingine wa jambo hilo. Michango ilikusanywa kutoka ndani na nje ya nchi. Ndani ya mwezi huohuo Ofisi ya Rais ilitangaza kutengua uteuzi wa viongozi wawili wa mkoa na manispaa kutokana na tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Baadaye mvutano ukahamia kwenye kusudi la fedha. Serikali ilieleza kuwa kipaumbele ni miundombinu ya umma, zikiwemo shule kama Ihungo, na kwamba haikuweza kumjengea kila mtu nyumba; wako waliochanga wakiamini wanamjengea jirani ukuta wake. Suala hilo lilifika bungeni. Hakuna hesabu ya jumla na tofauti inayoweza kulijibu, kwa kuwa halihusu kiasi bali makubaliano: mtoaji alitoa kwa ajili gani, na nani aliandika kusudi hilo siku ya kutoa. Katika Hanang nyumba zilijengwa. Hata hivyo, tofauti kati ya maamuzi hayo mawili imetokana na uamuzi wa Serikali katika kila tukio, na kwa sababu hiyo ni halali kwa mbunge kuomba vigezo vyake viwekwe wazi kabla ya tukio lijalo.

Hanang ina historia ndefu zaidi ya misaada, ambayo Bunge lililopaswa kuisimamia lilikuwa mbali sana. Kuanzia miaka ya 1970 Kanada, kupitia Shirika lake la Maendeleo ya Kimataifa, CIDA, ilifadhili kilimo kikubwa cha ngano katika tambarare za Hanang chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO. Yalianzishwa mashamba saba, kila moja likiwa na takriban ekari 10,000: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Matrekta na mashine za kuvunia zilitoka Kanada, kwa kuwa sehemu kubwa ya misaada ya nchi hiyo wakati huo ilifungwa na sharti la kununua bidhaa zake.

Kwa kipimo cha magunia, mpango huo ulikuwa na mengi ya kuonyesha. Ngano ya Hanang ilifika katika vinu na mikate ya miji ya Tanzania. Kipimo cha malisho hakikuwapo. Wabarbaig walipoteza maeneo bora ya kulishia mifugo yao, njia za maji zikazibwa na mashamba, na makaburi ya wazee wao yakalimwa. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Walishinda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikaamua kwa upande wa NAFCO mwaka 1985. Hasara hiyo haikuwa na safu katika hesabu za mradi, na kisicho na safu hakikaguliwi na mtu.

Mwaka 1987 kamati ya Bunge la Kanada iliyoongozwa na William Winegard ilitoa ripoti juu ya mwenendo mzima wa misaada ya nchi hiyo. Jina lake lilikuwa swali: kwa faida ya nani? Ilipendekeza misaada iwalenge maskini zaidi, masharti ya kununua bidhaa za Kanada yalegezwe, haki za binadamu zizingatiwe, na maamuzi mengi zaidi yafanyike katika nchi inayosaidiwa badala ya makao makuu. Ni vigumu kupata mfano bora wa kamati ya Bunge ikiacha kuuliza “mmetumia kiasi gani” na kuuliza swali lililo juu yake. Lakini ilikuja wakati mashamba ya Hanang yalikwisha kulimwa kwa zaidi ya muongo mmoja. Kanada ilijiondoa katika mpango huo miaka ya 1990. Baadaye mashamba yakabinafsishwa, baadhi yakarejeshwa kwa wananchi na mengine yakapewa wawekezaji.

Gidagamowd na Warret, majina ya mashamba mawili kati ya yale saba, ndiyo anwani ya nyumba 109 zilizokabidhiwa Desemba 2024. Safari hii anayetoa hesabu yuko Dodoma na si Ottawa, na mbunge wa jimbo huketi katika ukumbi uleule anamoketi Waziri. Umbali huo umefupika kweli, ingawa bado unatosha kwa jina kupotea njiani.

Njia ya kuuziba ipo katika taratibu za serikali za mitaa. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kamati ya maafa ya kijiji ni sehemu ya mfumo wa Sheria ya mwaka 2022. Orodha ya kaya, wapangaji wakiwemo, inaweza kusomwa na kusahihishwa hapo wakati wa kiangazi, anga ikiwa kavu na kila mtu akiwa nyumbani kwake, na nakala yake kuwekwa ofisi ya kata na ya halmashauri. Kwa kata zinazouzunguka Mlima Hanang, Gitting ikiwa mojawapo, muda wa kuifanya kazi hiyo ni ule ulio kati ya mavuno na mvua za Novemba.