AFYA: Namna ya kuteua ratiba ya kunyanyua vyuma kwa mwanamke anayepunguza uzani

Na MWANDISHI WETU

MWANAMKE anapoamua kupunguza uzani, aghalabu hufanya mambo mawili kwa pamoja: hupunguza chakula na huanza kutembea au kukimbia alfajiri. Mizani humtii kwa majuma machache ya kwanza. Kisha hukwama, naye hupunguza chakula zaidi na kuongeza kilomita. Baada ya miezi kadhaa huchoka, hurudia mlo wake wa kawaida na uzani hurejea.

Jambo ambalo mizani haimwambii ni kwamba sehemu ya kile alichopoteza haikuwa mafuta. Mwili unaopata chakula pungufu hutumia mafuta na misuli kwa pamoja, na misuli isiyopewa kazi nzito huwa rahisi kupotea. Uzani ukirejea, mafuta hurudi upesi kuliko misuli.

Tatizo hili si la watu wachache. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya nchini Kenya wa mwaka 2014 ulibaini kuwa asilimia 33 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliopita kiwango kifaacho, na ule wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa hali imezidi. Wengi wao wamekwisha kushauriwa na daktari wapunguze uzani. Wachache mno wameambiwa wapunguze nini.

Mwaka 2017, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha wazee 160 waliokuwa wanene kupita kiasi. Waliopunguza chakula huku wakifanya mazoezi kwa miezi sita walipoteza takriban asilimia tisa ya uzani, yawe mazoezi yao yalikuwa ya kutembea na kuendesha baiskeli, ya kunyanyua vyuma, au ya aina zote mbili. Tofauti ilikuwa ndani ya mwili. Sehemu isiyo mafuta, ambayo kwa wingi ni misuli, ilipungua kwa asilimia tano miongoni mwa kundi la kwanza, ilhali wanyanyuaji vyuma walipoteza asilimia mbili tu. Uzito wa mifupa ya nyonga ulipungua kwa asilimia tatu katika kundi la kwanza, na kwa nusu ya asilimia katika la pili. Kwa mwanamke anayekaribia kukoma hedhi, wakati ambapo mifupa huanza kudhoofika kwa kasi, takwimu hiyo ya nyonga ina uzito kuliko kilo zozote atakazozisoma kwenye mizani.

Tusiitupe nje kazi ya kutembea. Waliochanganya aina zote mbili ndio walioimarika zaidi katika shughuli za kawaida kama kupanda ngazi na kuinuka kitini. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Hilo la pili ndilo husahaulika.

Hofu ya kugeuka mwanamume

Tuiondoe haraka hofu inayowazuia wengi. Homoni ya testosteroni, ambayo hukuza misuli ya wanaume, hupatikana katika mwili wa mwanamke kwa kiasi kidogo sana, takriban mara 15 chini ya mwanamume. Isitoshe, mtu anayekula chini ya mahitaji yake hujenga misuli kwa shida hata akitaka. Mwanamke atakayenyanyua vyuma kwa miezi sita huku akipunguza uzani atapata nguvu na umbo lililokaza, basi.

Kuna pia uongo wa upande wa pili, unaopendwa na wauzaji wa huduma hizi, kwamba misuli "huchoma" mafuta mchana kutwa. Kilo moja ya misuli iliyotulia hutumia takriban kalori 13 kwa siku, ambazo ni pungufu ya zile zilizomo katika kijiko kimoja cha sukari. Chakula ndicho hupunguza uzani. Kazi ya vyuma ni kuamua kwamba kinachopungua kiwe mafuta.

Ratiba hii iliandikiwa nani?

Sharti nikiri kwamba Kiswahili hakijatuafikia katika msamiati wa jambo hili. Kunyanyua vyuma ni jina la mchezo na vilevile la mazoezi ya kawaida. Mchezo wenyewe, ambao wanawake waliruhusiwa kushiriki katika Olimpiki kwa mara ya kwanza jijini Sydney mwaka 2000, una minyanyuo miwili tu, yote ya kasi, na haifai kujifunzwa bila mwalimu. Makala haya yanahusu mazoezi ya kawaida, ya kujenga nguvu polepole.

Mazoezi hayo yana historia ya kuvutia. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, aliyatumia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kuwatibu askari waliojeruhiwa, hasa magoti, akachapisha matokeo yake mwaka 1945. Awali wagonjwa kama hao walipewa mizigo myepesi na kurudia mara nyingi. DeLorme aliwapa mizigo mizito, wakairudia mara chache, na kuiongeza kadiri walivyopata nguvu. Ratiba zote za maana zilizofuata zimejengwa juu ya wazo hilo la kuongeza mzigo kidogo kidogo.

Leo ratiba ni nyingi kiasi cha kumchanganya anayeanza. Zinazotajwa mno ni ile ya kitabu Starting Strength cha Mark Rippetoe, kilichotoka mwaka 2005, na ile iitwayo StrongLifts 5x5. Zote mbili zina mazoezi machache yanayotumia mwili mzima, siku tatu kwa wiki, na zinaeleweka. Ila msomaji aulize kwanza ziliandikiwa nani. Rippetoe amejulikana kwa kuwashauri vijana wembamba wanywe galoni nzima ya maziwa kwa siku ili wanenepe wakipata nguvu. Mwanamke wa miaka 40 anayetaka kupunguza kilo 10 hana haja na galoni hiyo, na bila chakula hicho mwendo wa ratiba humshinda mapema.

Hebu tuhesabu. Ratiba ya StrongLifts humtaka anayeanza aongeze kilo 2.5 kila anapofanya zoezi la kuchuchumaa na chuma mabegani. Kwa siku tatu za wiki, hizo ni kilo 7.5, na kwa majuma manne ni kilo 30. Kijana anayekula sana huenda akayamudu hayo kwa muda. Mwanamke aliyepunguza chakula atakwama, kisha atadhani kosa ni lake.

Ugumu huzidi katika mazoezi ya mikono. Anayeinua kilo 60 kutoka sakafuni akiongeza 2.5, ameongeza asilimia nne. Anayesukuma kilo 15 juu ya kichwa akiongeza kiasi kile kile, ameongeza karibu moja kwa sita ya mzigo wote. Kwenye dambeli hali ni mbaya zaidi, kwani kutoka kilo tano hadi 7.5 ni kuongeza nusu ya mzigo kwa siku moja. Aidha, ufito wa wanawake una kilo 15 na wa wanaume 20, na si kila ukumbi ulio na ule wa kwanza.

Kwa hivyo ratiba inayomfaa mwanamke anayepunguza uzani ni ile inayomruhusu kuongeza idadi kabla ya kuongeza mzigo. Aanze na mzigo anaoweza kuunyanyua mara nane kwa utaratibu mzuri, na kubaki na nguvu za kuunyanyua mara mbili hivi zaidi. Kila juma ajaribu kuongeza mara moja au mbili. Akifika mara 12 katika seti zote tatu, ndipo achukue mzigo unaofuata na kurejea nane. Mwendo huu ni wa polepole, lakini hauvunji moyo.

Zilizomo ndani yake

Ratiba njema ya kuanzia ina mienendo mitano: kuchuchumaa na kuinuka, kuinua mzigo kutoka chini, kusukuma (kifuani au juu ya kichwa), kuvuta kuelekea tumboni au kutoka juu, na kutembea umebeba mizigo mikononi. Si mambo mageni. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una kilo 20 na ushei, na mwanamke aliyezoea kuunyanyua kisimani kila asubuhi amekwisha kuinua mzigo unaozidi ufito mtupu ukumbini. Tofauti ni kwamba mtungi hauongezeki uzani. Mwili huuzoea kisha huacha kujiimarisha. Asiye na pesa za ukumbi anaweza kuanza na mitungi ya lita tano na kumi, na kuijaza zaidi kila baada ya siku kadhaa. Atajua pia mzigo kamili, kwani lita moja ya maji ni kilo moja.

Siku mbili au tatu kwa wiki, zilizoachana kwa siku moja ya kupumzika, zatosha. Dakika 45 zatosha pia. Ratiba inayotenga siku ya mikono, siku ya kifua na siku ya miguu hadi juma liishe haimfai anayeanza, kwani akikosa siku moja kwa sababu ya mtoto mgonjwa au matatu yaliyogoma, kiungo kizima kinakaa juma zima bila kazi. Ajihadhari vilevile na vipindi vya pamoja vya kurukaruka na vidambeli vya kilo moja kwa muziki wa kishindo. Humtoa mtu jasho na kumchangamsha, na si vibaya, ila mzigo haubadiliki kuanzia Januari hadi Desemba.

Mazoezi ya tumbo mia moja kila asubuhi hayaondoi mafuta ya tumbo. Mwili ndio huamua utoe mafuta wapi kwanza.

Ipo njia rahisi ya kuupima ukumbi kabla ya kulipa ada ya mwaka. Mwombe mkufunzi akuonyeshe atakachokufanyisha leo na atakachokufanyisha baada ya majuma manane. Asipoweza kutaja tofauti, hana ratiba. Na akikukataza daftari, tafuta kwingine. Mzigo, idadi na tarehe huandikwa, kwa kuwa hakuna anayekumbuka wiki ijayo alichonyanyua wiki hii.

Chakula kisipunguzwe ovyo

Kupoteza nusu kilo hadi kilo moja kwa juma ni mwendo wa busara, na anayenyanyua vyuma apendelee ile nusu. Protini ndiyo isiyofaa kupunguzwa. Wataalamu wengi wa lishe ya wanamichezo hupendekeza gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa anayepunguza uzani huku akifanya mazoezi, na kwa aliye mnene sana hesabu hufanywa kwa uzani anaoulenga. Anayetaka kufika kilo 70 basi anahitaji gramu 84 hadi 112 kwa siku. Mayai mawili, gilasi mbili za maziwa, kikombe cha ndengu, kingine cha maharagwe yaliyopikwa na gramu 100 za nyama ya kuku vitamfikisha kwenye kile kiwango cha chini. Omena na samaki husaidia pia, kwa bei nafuu. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuongea na daktari wake.

Ushauri huu wawahusu pia wanaotumia sindano za kupunguza uzani kama semaglutide. Hamu ya chakula hupungua, na sehemu ya uzani unaopotea huwa ni misuli.

Mizani itamchezea shere katika majuma ya mwanzo. Misuli inayoanza kazi ngeni huhifadhi maji, na siku za kabla ya hedhi huongeza maji mengine, hivi kwamba mtu aweza kukaza mkanda huku namba ikisimama palepale. Futi ya fundi wa nguo, ikizungushwa kiunoni na kwenye nyonga mara moja kila wiki mbili, husema kweli zaidi.

Anayepaswa kumwona daktari kwanza

Mwenye shinikizo la damu asilodhibiti, ugonjwa wa moyo, au ngiri, aanzie hospitalini. Kubana pumzi wakati wa kuinua mzigo hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla, hivyo apumue nje anaposukuma. Mjamzito asiwe katika mpango wa kupunguza uzani kamwe, ingawa mazoezi mepesi huruhusiwa kwa ushauri wa mkunga au daktari. Aliyejifungua asubiri kukaguliwa, kwa kawaida baada ya majuma sita, na aliyepasuliwa husubiri zaidi. Mkojo ukimponyoka anapoinua mzigo, asione haya kulisema. Ni dalili kwamba misuli ya sakafu ya nyonga imelegea, na ina mazoezi yake mahususi.

Maumivu ya misuli yanayotokea siku moja au mbili baada ya zoezi ni ya kawaida na hupungua wiki ya pili. Maumivu makali ya ghafla kwenye kiungo au mgongo si ya kawaida, na zoezi lisimamishwe hapo hapo.

Ratiba ya kwanza hufaa kwa miezi mitatu hadi sita. Daftari likionyesha kwamba idadi haijapanda kwa majuma matatu mfululizo, apunguze mzigo kwa asilimia kumi na kuanza kupanda tena. Ikikwama mara ya pili, ale chakula cha kutosha kudumisha uzani alio nao kwa wiki moja au mbili, huku akiendelea na vyuma vile vile, kabla ya kurudia kupunguza.