Sungura na Mwenye Sindano

Sisi tuliolelewa kwa hadithi za usiku tunamjua sungura kuwa mnyama mjanja kuliko wote. Humlaghai fisi, humdhihaki simba, na mwishowe huponyoka. Kwa hiyo niliposoma habari za bara zima lililoshindwa na sungura, sikustaajabu sana. Kilichonistaajabisha ni silaha ambayo watu waliitumia kumshinda, yaani ugonjwa. Wazee wetu waliosikia au kuona sotoka ikimaliza ng'ombe mwishoni mwa karne ya 19 wasingeamini kwamba kuna mtu anayeweza kuita tauni ya wanyama kwa hiari yake.

Yafaa nieleze mapema kwamba sungura ninayemzungumzia si yule wa porini kwetu, alalaye majanini peke yake. Huyu ni sungura wa Ulaya, achimbaye mashimo na kuishi kwa jamii, ndiye tunayemfuga mabandani. Mwaka 1859 mlowezi mmoja aitwaye Thomas Austin aliletewa sungura wa mwitu kutoka Uingereza, akawaachia katika shamba lake karibu na Geelong, Australia, apate wanyama wa kuwinda. Hawakufika thelathini. Uzao wao ukaenea sehemu kubwa ya bara lile. Walikula malisho ya kondoo, wakamaliza miche, udongo ukabaki wazi kupeperushwa na upepo. Huko Australia ya Magharibi ulijengwa ua wa waya wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,800, ukakamilika mwaka 1907. Sungura walikwisha kupita.

Ndipo wataalamu wakakumbuka ugonjwa wa miksomatosi. Virusi vyake vina asili ya Amerika ya Kusini, ambako sungura wa huko hupata uvimbe mdogo tu wa ngozi. Lakini sungura wa Ulaya akiambukizwa, kichwa hufura, macho hujaa usaha, naye hutangatanga kipofu siku kadhaa kabla ya kufa. Mwaka 1950 virusi hivyo viliachiliwa katika bonde la mto Murray. Mwanzoni ilionekana kama vimezimika. Kisha mbu wakaongezeka, wakavisambaza, na katika kila sungura 100 walioambukizwa, zaidi ya 99 walikufa. Wafugaji wa kondoo walishangilia. Wategaji waliokuwa wakiuza nyama na ngozi za sungura walipoteza riziki yao.

Hapo likatokea jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Mapema mwaka 1951, katika eneo la Mildura, lilezuka homa ya ubongo miongoni mwa watu. Wananchi waliona sungura wakifa na watoto wakiugua katika majira yale yale, wakauliza kama si ugonjwa mmoja. Swali hilo halikuwa la kipumbavu, kwani mbu walikuwa wakieneza magonjwa yote mawili. Wanasayansi watatu, Macfarlane Burnet, Frank Fenner na Ian Clunies Ross, walikuwa na hakika kwamba virusi vya sungura havimdhuru binadamu. Lakini hawakuishia kuwaambia watu watulie. Walijidunga virusi vile katika miili yao wenyewe, wala hawakuugua. Fenner ndiye baadaye aliyeongoza tume iliyothibitisha kwamba ndui imetokomezwa duniani, jambo lililotangazwa mwaka 1980.

Sasa, ndugu msomaji, linganisha na yaliyotokea Ufaransa. Daktari Paul-Félix Armand-Delille alikuwa na shamba kubwa lenye ukuta huko Maillebois, naye alichoshwa na sungura waliomharibia miti. Akapata virusi kutoka maabara ya Uswisi, na mwezi Juni 1952 akawadunga sungura wawili. Alidhani ukuta ungetosha. Baada ya miezi michache ugonjwa ulikwisha kuvuka, ukaenea nchini kote na kuingia nchi za jirani, ukiua sungura wa mwitu pamoja na wa kufugwa, ambao walikuwa kitoweo cha wanyonge. Maji yakimwagika hayazoleki. Wawindaji walighadhibika, wenye misitu walifurahi. Mwaka 1955 daktari alitozwa faini ya faranga 5,000, na mwaka 1956 alitunukiwa nishani ya dhahabu. Mtu mmoja, tendo moja, adhabu na tuzo kwa pamoja!

Mwaka 1953 ugonjwa ulionekana Kent, Uingereza. Baadhi ya wakulima walibeba sungura wagonjwa na kuwatupa mashambani mwao ili wapate nafuu ya wadudu hao wa mazao, kama walivyowaona. Wengine, kwa huruma, walitembea na marungu kuwamalizia wanyama waliokuwa wakiteseka kando ya barabara. Sheria ya mwaka 1954 ilikataza kuueneza kwa makusudi, lakini ugonjwa ulikwisha kutangulia mbele ya sheria. Majani ambayo sungura waliyafupisha yakarefuka, sisimizi fulani wapendao ardhi yenye jua wakapungua, na kipepeo wa buluu aliyewategemea akatoweka Uingereza mwaka 1979, hata ikabidi aletwe tena kutoka nje. Huko Hispania, paka-mwitu aitwaye linksi, ambaye chakula chake hasa ni sungura, alikaribia kwisha kabisa kabla ya juhudi za miaka ya karibuni kumrudisha.

Na sungura je? Hakwisha. Virusi vikali mno viliua upesi kabla mbu hawajapata nafasi ya kuvichukua, kwa hiyo vilivyo dhaifu kidogo ndivyo vilivyostawi. Sungura nao waliosalia walizaa watoto wenye kinga zaidi. Mjanja wa hadithi aliponyoka tena. Watu wakatafuta ugonjwa wa pili, ule wa kuvuja damu, uliogunduliwa China mwaka 1984. Australia ilipoujaribu kisiwani Wardang, ukatoroka kwenda bara mwaka 1995. Mwaka 1997 wakulima wa New Zealand waliuingiza nchini mwao kinyume cha sheria, baada ya serikali kukataa.

Mimi siwalaumu wakulima kwa kuhuzunika wakiona shamba limeliwa. Ambaye mazao yake hayajavamiwa asimcheke aliyevamiwa. Wala sisemi kwamba wale wa Australia hawakuwa na ukatili, maana mateso ya sungura yalikuwa yale yale. Hata hivyo naona tofauti kubwa kati ya mtu anayejificha nyuma ya ukuta wake, akaamini kwamba hatari itabaki kwake, na mtu anayesikia hofu ya jirani akaichukua hatari ile mwilini mwake kwanza. Wote wawili walikuwa wasomi. Wote walishika sindano ile ile. Siku nikiambiwa kwamba dawa fulani au mbegu fulani haina madhara, sitauliza tu msemaji amesoma wapi. Nitauliza pia kama yeye na wanawe wataanza.